Kadi nilizojikataza

Mzee wa ng'ambo ya meza hakuniharakisha. Alinisukumia kadi ikiwa ndani ya kijaladi cha plastiki, akavuta taa yake ndogo karibu, kisha akarudi kwenye kahawa yake. Ilikuwa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa kikosi cha zimamoto, nje kidogo ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Meza zilipangwa safu kwa safu kama siku ya gulio, na juu ya kila meza zimelala karatasi ngumu ndogo ndogo zenye sura za vijana ambao wengi wao leo ni marehemu. Aliyekuwa mbele yangu ni mchezaji wa besiboli Roberto Clemente akiwa na umri wa miaka 20, kadi ya kampuni ya Topps ya mwaka 1955.

Nikatoa rula mfukoni. Mzee akacheka kidogo.

"Umeshatapeliwa wewe," akasema.

Kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami niliumwa mapema.

Kadi za Topps za mwaka ule zililazwa kwa upana: sura kubwa ya mchezaji upande mmoja, umbo lake zima dogo pembeni, na sahihi yake iliyochapwa. Hii pembe zake zilikuwa zimelika zikawa mviringo kama kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki karaini, na mkunjo mmoja ulikata kona ya chini kushoto bila kugusa uso. Nikapima: sentimita 6.7 kwa 9.5, haijapunguzwa popote. Bei yake ilikuwa kodi ya nyumba yangu ya mwezi mzima na chenji juu. Nilikuwa nimeitafuta miaka minne. Na kwa kanuni nilizojiwekea mwenyewe, kwa mkono wangu mwenyewe, sikuruhusiwa kuinunua siku ile.

Msomaji wa nyumbani atauliza kadi ni kitu gani hata mtu mzima ajiwekee sheria. Zilianza karne ya 19 ndani ya pakiti za sigara za Kimarekani. Kilikuwa kipande cha karatasi ngumu cha kuzuia sigara zisipondeke, mpaka mtu akaona heri kiwe na picha. Baada ya sigara zikaja peremende, kisha ubani wa kutafuna, na wateja wakawa watoto. Sisi tuliokuwa tukinunua bigijii kwa ajili ya picha iliyomo ndani, si kwa ajili ya bigijii yenyewe, hatuhitaji maelezo zaidi. Tofauti ni kwamba za kwetu zilikwenda na maji ya kufulia. Za kwao nyingi zilitupwa na mama zao, na chache zilizookoka ndizo zinazopigwa mnada.

Katika hizo chache, inayosakwa kuliko zote ni ile wanayoiita kadi ya ruki, yaani kadi ya kwanza ya mchezaji, ya mwaka alioingia Ligi Kuu akiwa mgeni au karibu na hapo. Huenda si nzuri kuliko nyingine zake. Huenda picha yake ni ya ovyo. Lakini ilichapwa kabla mtu yeyote hajajua huyu kijana atakuwa nani, na mimi hicho ndicho kinachonivuta: uso wa mtu ambaye bado hajawa mtu.

Besiboli yenyewe sikukua nayo. Mimi ni mtu wa Tanga, na kwetu mwenye gongo na mpira alikuwa anacheza kriketi. Agosti 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, Uganda, ilifika Williamsport, katika jimbo hili hili la Pennsylvania, ikawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto. Mwaka uliotangulia watoto wengine wa Uganda walifuzu vilevile, wakanyimwa viza. Kazini wakaniuliza kama hao ni ndugu zangu. Nikajibu ndiyo, nikaenda kuwatazama kwenye runinga ili nisiaibike na jibu langu, na sijatoka hapo mpaka leo.

Kadi yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Hank Aaron wa Topps, mwaka 1954. Aaron ndiye aliyeivunja, mwaka 1974, rekodi ya Babe Ruth ya kuupiga mpira ukavuka uzio, akastaafu akiwa ameuvusha mara 755. Niliinunua mtandaoni kwa mtu nisiyemjua, kwa bei ambayo ilipaswa kunizindua. Ilipofika ilikuwa inang'aa kama kalenda ya mwaka mpya. Nikajiambia imetunzwa vizuri. Miezi mitatu baadaye mkusanyaji mmoja akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaniita nitazame ile sahihi nyeusi. Katika kadi halisi ya zama zile, picha ni vidoti, lakini mistari myeusi na maandishi ni wino mzima, umetandazwa bila pengo. Sahihi ya Aaron wangu ilikuwa vidoti vitupu, kama siafu waliopanga foleni, kwa sababu aliyeitengeneza alipiga picha kadi ya kweli kisha akaichapa picha hiyo. Muuzaji alikuwa ameshaifuta akaunti yake. Kadi bado ninayo, nimeibandika juu ya meza yangu, na chini yake nikaandika kanuni ya kwanza: sinunui nisichokishika, na sishiki bila kioo na rula.

Utaniambia zipo kampuni za kupima kadi. Zipo. PSA, iliyo kubwa kuliko zote, ilianza mwaka 1991. Unawapelekea kadi, wanaichunguza, wanaipa alama kati ya 1 na 10, wanaifungia ndani ya kasha gumu la plastiki. Zinasaidia sana, na mtu anayeanza leo ningemshauri aanzie huko. Ila kuna kisa cha Honus Wagner ambacho hapa Pittsburgh kila muuza kadi anakijua, kwa kuwa Wagner ni mtoto wa hapa na sanamu yake imesimama nje ya uwanja wa PNC Park. Kadi yake ya tumbaku ya kati ya 1909 na 1911 ilisitishwa mapema. Wengine husema hakutaka watoto wanunue sigara kwa ajili ya sura yake, wengine husema alitaka alipwe. Zikabaki chache, hazifiki mia. Mojawapo, nzuri kuliko zote, iliwahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, gwiji wa hoki ya barafuni, na ndiyo kadi ya kwanza kabisa kupimwa na PSA. Ikapewa 8. Watu wakanong'ona miaka na miaka kwamba kingo zake zimenyooka kupita kiasi. Mwaka 2013 dalali mashuhuri wa minada, Bill Mastro, akakiri kwamba yeye ndiye aliyezikata. Tangu nilipokisoma kisa hicho rula haitoki mfukoni mwangu, hata kadi ikiwa ndani ya kasha.

Kisha ikaja kazi ya kuamua ruki ni nini, na hapo ndipo marafiki hugombana. Agosti 2022 kadi ya Mickey Mantle, Topps 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Watu wengi huiita ruki yake. Siyo. Mantle alianza kuchezea New York Yankees mwaka 1951, na kadi yake ya kwanza ilitolewa mwaka huo huo na kampuni ya Bowman. Ile ya Topps imepata utukufu kwa uzuri wake na kwa hadithi yake: ilikuwa katika fungu la mwisho la mwaka, halikuuzika, na mfanyakazi wa Topps aliyeitwa Sy Berger alisimulia kwamba mwaka 1960 masanduku yaliyobaki ghalani yalipakiwa kwenye tishari la taka yakaenda kumwagwa bahari ya Atlantiki. Basi nikaandika: ruki ni kadi ya kwanza ya mtu akiwa Ligi Kuu, katika seti iliyouzwa nchi nzima, kadi za timu moja au za duka la mkate la mji mmoja hazimo. Kwa kanuni hiyo nikajikataza Mantle wa milioni 12.6, uamuzi ambao mfuko wangu uliuunga mkono kwa kauli moja.

Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo kwanza nimejiingiza matatani, maana kanuni iliyonyooka kwenye karatasi ilianza kupinda nilipoifikisha kwa wachezaji Weusi.

Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Kabla yake, kwa zaidi ya miaka 60, hakuna Mweusi aliyekubaliwa katika Ligi Kuu. Kadi zake ninazozikubali ni mbili: ya Leaf, inayoitwa ya 1948 ingawa ilifika madukani 1949, na ya Bowman ya 1949. Zote mbili ziko juu ya mkono wangu, na nimeshakubali. Aliyenisumbua ni Satchel Paige. Huyu alikuwa akirusha mpira katika Ligi za Weusi tangu miaka ya 1920, akajaza viwanja, akawashinda nyota wa Kizungu katika mechi za kirafiki ambazo hazikuandikwa kwenye vitabu vyao. Cleveland wakamsajili Julai 1948. Alikuwa na miaka 42. Yaani kwa lugha ya kadi, babu huyu ni mgeni, mchanga, ruki! Kila nikiisoma tafsiri yangu mwenyewe naona inarudia tusi la wale waliomfungia mlango: kwamba yote aliyoyafanya kabla ya hapo hayakuwa chochote.

Na Paige angalau anayo kadi. Miaka ya 1930 alichezea Pittsburgh Crawfords, timu ya mji huu, akidakiwa mipira na Josh Gibson. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na miaka 35, miezi mitatu tu kabla Robinson hajafunguliwa mlango. Amezikwa makaburi ya Allegheny, mwendo mfupi kwa basi kutoka ninapokaa. Mwaka 1972 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli, ilhali kaburi lake lilikaa bila jiwe la maana hadi 1975. Desemba 2020 wakuu wa besiboli wakatamka kwamba Ligi za Weusi nazo zilikuwa ligi kuu. Mwaka 2024 takwimu za Gibson zikaingizwa rasmi, na wastani wake wa kupiga wa .372 ukampita Ty Cobb ukawa wa juu kuliko wa mtu yeyote katika historia. Mpigaji bora wa mahesabu yote, na hakuna kampuni ya sigara wala ya ubani ya Marekani iliyomtolea kadi siku zake za uwanjani. Hakuna ruki ya Josh Gibson, iwe ghali au rahisi, nzima au iliyochanika.

Nilifikiria kuibadili kanuni. Nikaiacha kama ilivyo, kwa kuwa pengo lile si langu kuliziba kwa kadi iliyochapwa miaka arobaini baadaye na mtu aliyetaka biashara.

Kanuni nyingine zilikuja kirahisi zaidi. Mwaka wa mwisho kwangu ni 1973. Wengine wa "kadi za zamani" hufika 1980, wana sababu zao. Yangu ni kwamba 1973 ndiyo mara ya mwisho Topps kutoa kadi zao fungu kwa fungu katika msimu. Kuanzia 1974 zilitoka zote kwa mpigo. Mafungu yale ndiyo yaliyozipa kadi tabia. La mwisho lilifika dukani msimu unakaribia kwisha, watoto wamerudi shule, akili zao zimehamia futiboli ya Kimarekani, na wenye maduka hawataki kuagiza zaidi; ndiyo maana namba kubwa ni adimu. Na ipo sababu ya pili ambayo siitaji mbele ya mtu asiyejua Pittsburgh: Clemente alikufa usiku wa tarehe 31 Desemba 1972, ndege ilipoanguka baharini akipeleka misaada kwa walioathiriwa na tetemeko la ardhi Nicaragua. Alikuwa amemaliza na mapigo halali 3,000 kamili. Topps wakatoa kadi yake ya mwisho mwaka 1973. Hapo na mimi nikapiga mstari.

Kadi iwe na uso mmoja. Hii wenzangu huniona nimerukwa. Miaka ya 1960 Topps walizoea kuwabana wageni wawili, watatu, hata wanne kwenye kadi moja, wakikisia nani atachomoza. Pete Rose wa 1963 ni kichwa kimoja kati ya vinne, kidogo kama picha ya pasipoti. Nolan Ryan wa 1968 yuko na Jerry Koosman. Mike Schmidt wa 1973 wako watatu. Willie Stargell, nahodha wetu hapa, naye wa 1963 amebanwa na wenzake. Naelewa thamani yake. Siwezi tu kutazamana na mtu nikiwa nawatazama wanne. Nimeokoa pesa nyingi sana kwa kanuni hii isiyo na akili.

Kuhusu ubora, sitafuti kadi isiyo na doa. Napenda iliyochezewa: iliyofungwa kwa mpira wa kufungia noti, iliyopachikwa kwenye spoku za baiskeli ili ilie kama pikipiki, iliyoandikwa kwa penseli nyuma na mtoto aliyekuwa akihesabu zake. Mkunjo naupokea usipopita usoni. Nisichopokea ni kadi iliyofanyiwa urembo: iliyokatwa kingo, iliyopakwa rangi pembeni, iliyolowekwa na kupigwa pasi. Uzee si aibu, kuuficha ndiyo aibu. Jefferson Burdick wa Syracuse, aliyezipangia kadi za Marekani namba na majina tunayotumia mpaka leo, aliliachia jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, zaidi ya vipande 300,000, na karibu vyote alivibandika kwenye majalada kwa gundi, mikono yake ikiwa imekakamaa kwa ugonjwa wa baridi yabisi. Alimaliza Januari 1963, akafa Machi. Wapimaji wa leo wangezilia kadi zile. Mimi huziona zimetulia.

Imebaki pesa, na hapa sikuiandika kanuni peke yangu. Mke wangu ni mtu wa Pangani, hesabu zake hazipindi. Aliniuliza swali moja tu, akiwa anachagua mchele: "Mume wangu, hiyo karatasi ikishika moto leo, sisi kesho tunakula nini?" Tangu siku hiyo kadi zina kibubu chao. Kila mwezi kinaingia kiasi kilekile, na kadi inalipwa na kibubu au hailipwi. Kibubu kisipotosha, nauza kadi niliyonayo, kwanza niuze ndipo ninunue. Sikopi, silipi kwa kadi ya benki, na juu ya bei fulani lazima zipite siku mbili kati ya kuiona kadi na kutoa pesa. Na jina la mchezaji liwe tayari kwenye orodha kabla sijaiona kadi yake. Orodha naibeba kwenye pochi, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, majina 15. La kwanza kupata alama ya vema lilikuwa la Bill Mazeroski, Topps 1957, yule aliyewanyamazisha Yankees kwa pigo moja katika mechi ya saba ya fainali za 1960. Ilinigharimu chini ya chakula cha watu wawili hotelini, na ndiyo kadi ambayo sitaiuza.

Kwa hiyo pale ukumbini, rula ilikubali. Kioo kilikubali. Mkunjo ulikuwa mahali pake, jina lilikuwa kwenye orodha, uso ulikuwa mmoja. Kibubu kilikuwa na nusu. Nikahesabu kichwani: nikiuza Harmon Killebrew wa 1955 na Reggie Jackson wa 1969, nitafika, na kibubu kitabaki na kitu. Lakini nilikuwa nimeiona kadi kwa dakika ishirini tu.

"Mzee wangu, unaweza kuniwekea mpaka Jumatatu?"

"Mimi si benki, kijana." Alisema bila ubaya. Akaniandikia namba ya simu nyuma ya risiti.

Jumapili nilimuuza Killebrew. Jumatatu jioni, nikiwa njiani kutoka kazini, nilisimama kwenye daraja linaloitwa Roberto Clemente, linaloingia uwanjani, nikapiga simu. Mzee alinikumbuka. Kadi ilikuwa imeondoka Jumamosi ile ile, saa nane mchana, kwa mtu aliyelipa taslimu na hakupima kitu.

Nilijuta wiki nzima, na mke wangu kwa huruma yake hakusema neno. Killebrew sijampata tena kwa bei niliyomwachia. Kanuni ya siku mbili sijaibadili.

Leo orodha ina alama tisa za vema. Paige bado. Clemente bado. Kila jina lina mwaka na namba ya kadi mbele yake: Aaron 128, Clemente 164, Mazeroski 24. Jina la 15 nililiandika mwisho kabisa, baada ya kutoka makaburi ya Allegheny. Josh Gibson. Mbele yake hakuna mwaka, hakuna namba.